Salim, ile Datsun nimeiendesha

Salim ndugu yangu,

Mambo? Nisalimie mama watoto. Sasa ile Datsun 240Z ya zamani uliniambia nikuangalizie Nakuru nimeiona, na mzee mwenye gari akanipa ufunguo akasema nenda nayo mpaka Njoro urudi, we wacha tu, niliishika hiyo stelingi kwa adabu zote.

Kuiwasha si ka Subaru Impreza WRX yako. Kuna kamkono ka choki, ka kupunguza hewa injini ikiwa baridi, hapo karibu na gia, unakavuta, unapiga stata, inakohoa, halafu unakarudisha polepole vile injini inapata moto, ukiharakisha inazima. Silinda 6 kwa mstari, lita 2.4, kabureta mbili za kuchanganya hewa na mafuta. Ile dugudugudugu ya Subaru hakuna, hii sauti yake inapanda laini mpaka unaongeza mafuta bure tu ndo uisikie tena. Stelingi haina pawa, kupaki utatoka jasho, lakini ikishatembea kila kokoto unalisikia mkononi. Nilikuwa 80 nikadhani niko 130! Kwa yako 130 mtu anakula njugu.

Kwa mbio lakini haikuwezi. Nguvu ni farasi 150 hivi, hata ka ni nyepesi, tani moja na kidogo, yako ni 250 na tabo na inavuta magurudumu yote 4. Hii breki za nyuma ni za ngoma, ABS ya kuzuia magurudumu yasikwame hakuna, eabegi hakuna, matatu ikikukatia ghafla ni wewe na Mola wako.

Najua kinachokusumbua ni Shekhar Mehta na 240Z yake kwa Safari Rally ya 1973, vile walitoka sare ya pointi na yule dereva Msweden Källström, naye pia kwa Datsun, na Mehta akapewa ushindi. Na 1971 Edgar Herrmann alikuwa ameshinda na hiyo hiyo 240Z. Sawa, lakini Impreza nayo imechukua Safari, McRae 1997 na Burns 2000, kwa hivyo usijione mnyonge.

Shida ni kutu, na wewe bahari iko hapo mlangoni. Nilienda na sumaku nikaipitisha chini ya milango, mahali pawili ikakataa kushika, hiyo ni fila, ile kitu ya kuziba matundu badala ya bati, imepigwa rangi juu. Nikainua kapeti upande wa dereva, bati lina kiraka na weldi yenyewe ni ya kuharakisha, chini ya betri pia kumelika. Na raba ya mlango wa nyuma imekauka, ukifungua dirisha moshi unaingia ndani.

Alafu fundi. Hawa vijana wetu wanachomeka mashine inawaambia sensa gani imekufa, lakini hizo kabureta mbili lazima zivute hewa sawasawa, na fundi wa huyo mzee anaweka kipande cha paipu sikioni, upande ule mwingine kwa mdomo wa kabureta, anasikiliza moja, anaenda ya pili, anarudi, anakaza skrubu kidogo sana. Huko Mombasa utampata wapi?

Mimi nasema ichukue, ila bei ishuke kwa sababu ya hiyo sakafu, na ilale huku kwangu Nairobi, chumvi isiimalize. Subaru usiuze, watoto watapandia wapi na Datsun ina viti viwili? Mzee anataka jibu mwisho wa mwezi. Nipigie jioni, mchana niko saiti.

Wako,
Kim