Fundi, usikate nguo usiyoweza kuishona

Kwa Mhariri,

Kila mwezi wa Shaabani unapoanza kuisha, vibaraza vya mafundi cherehani hapa Lamu, tangu Langoni mpaka Mkomani, hujaa vifurushi vya vitambaa. Likiingia kumi la mwisho la Ramadhani, fundi hana usingizi, hana tarawehe, wala hana jibu kwa mteja ila "njoo kesho". Usiku wa kuamkia Idi ndipo kanzu zinapotoka na mikono ya urefu mbalimbali, na vifungo vikapishana na matundu yake. Wengi husema mafundi ni waongo. Naona tunawaonea. Kilichowaelemea ni ahadi walizozitoa bila kuzihesabu, na jambo hilo lina dawa.

Nianze na mkasi, maana hapo ndipo mambo yanapoharibikia. Kitambaa ambacho hakijakatwa kinaweza kurudishwa kwa mwenyewe akakipeleka kwa fundi mwingine. Kikishakatwa, ni deni. Fundi mwingine hapendi kumalizia mkato wa mwenzake: hajui aliacha nafasi kiasi gani kwenye mshono, wala kama kipimo cha bega kilikuwa cha mwili au cha nguo. Mafundi wanalijua hili, na baadhi yao hukata mapema makusudi ili mteja asihame. Unaona rafu imejaa miili ya kanzu isiyo na mikono, kila mmoja umefungwa kwa utepe wake. Fundi akiiona anadhani ana kazi nyingi, kumbe ameshika mali za watu ambazo hawezi kuzimaliza wala kuzirudisha. Kanuni iwe moja tu: kata kile utakachokishona ndani ya siku nne, basi.

Kabla ya mkasi kuna hesabu, na mahali pake ni Shaabani, kabla ya vunja jungu. Panga kwa siku 29, kwa sababu mwezi ukiandama mapema, aliyepanga kwa 30 amepoteza siku nzima mwishoni, tena ile ambayo wateja wote wamesimama mlangoni. Toa siku tatu za mwisho, ziwe za kujaribisha, kurekebisha na kukabidhi. Ijumaa nne zihesabu nusu nusu, yaani toa mbili nyingine. Zimebaki 24. Sasa saa: katika Ramadhani, fundi anayefunga hukaa kwenye cherehani kama saa nne tangu asubuhi hadi adhuhuri, na mbili baada ya tarawehe. Sita kwa siku, jumla 144. Punguza robo kwa umeme kukatika, mkanda wa mashine kulegea, homa ya mtoto na nguo ya kufumua. Zimebaki 108. Kama kanzu ya kawaida bila darizi inakuchukua saa tatu tangu kukata mpaka pasi, uwezo wako ni kanzu 36. Kanzu ya 37 ni ya Idi Kubwa, na mwenyewe aambiwe hivyo siku hiyohiyo anapoileta.

Hizo saa tatu zisiwe za kukisia. Shona kanzu tatu, ukiandika saa ya kuanza na ya kumaliza, kisha chukua wastani. Binadamu hujidanganya sana hapa. Mwaka 1994 watafiti nchini Kanada waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu watamaliza lini tasnifu zao. Kwa wastani walikadiria siku 34, wakamaliza kwa zaidi ya 55. Tasnifu ile ilikuwa kazi yao wenyewe, na bado walikosea kiasi hicho.

Jambo la pili ni idadi ya nguo zilizo wazi kwa wakati mmoja. Mmarekani John Little alithibitisha mwaka 1961 hesabu ya foleni inayofaa kila karakana: gawa idadi ya kazi zilizoanzwa kwa idadi unayomaliza kwa siku, utapata siku ambazo kila kazi itakaa mikononi mwako. Fundi wetu anamaliza kanzu moja na nusu kwa siku. Akiwa na kanzu 30 zilizokatwa, kila moja itakaa siku 20. Akiwa nazo sita, ni siku nne. Nguvu ni zilezile na saa ni zilezile, ila sasa anaweza kumwambia mteja, "Njoo Jumatano," na Jumatano ikawa kweli. Hizo sita ziwe za rangi moja. Nyeupe zote pamoja, kisha za rangi ya krimu, kisha nyeusi. Kila unapobadilisha rangi unabadilisha uzi wa juu, bobini na mara nyingine sindano, halafu unajaribu mshono upya kwenye kipande.

Daftari ni lazima, hata kwa fundi mwenye kumbukumbu kali. Mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik alionyesha mwaka 1927 kwamba kazi iliyokatizwa hukaa akilini kuliko iliyokwisha. Ndiyo maana fundi analala chali usiku anazihesabu kanzu darini. Kila kazi iwe na mstari wake: namba, jina, simu, vipimo, metri zilizoletwa, malipo ya awali, siku ya kukabidhi. Namba hiyohiyo iandikwe kwenye kipande kidogo cha kitambaa na kubanwa kwa pini kwenye kifurushi. Karatasi haifai, jasho na mvuke wa pasi huifuta. Malipo ya awali yawe nusu. Asiyetoa nusu hajaamua, na asiyeamua asishike nafasi ya aliyeamua.

Wateja wanaopita kuuliza "yangu imefika wapi?" hula muda kuliko wanavyodhani. Swali ni la nusu dakika, lakini fundi ameinua mguu kwenye kanyagio, ametafuta kifurushi, amesahau mkono upi alikuwa anautia. Weka saa moja ya maswali, baada ya alasiri, na ubandike mlangoni namba za nguo zilizo tayari. Mteja wa Pate au Faza atumiwe ujumbe asubuhi kabla hajapanda chombo. Anayekuja bure amepoteza siku nzima na nauli ya kwenda na kurudi. Huo ni uonevu kwa mtu aliyefunga.

Na aliyekwisha kuzidiwa? Tuseme ni tarehe 15 Ramadhani na rafu imefurika. Asishone chochote kwa saa moja. Ateremshe vifurushi vyote chini kwenye mkeka, ayatenge mafungu mawili: vilivyokatwa na ambavyo havijakatwa. Vilivyokatwa avihesabu kwa saa. Zikitosha, aongeze kutoka fungu la pili mpaka uwezo ujae. Vinavyobaki awapigie wenyewe simu siku hiyohiyo, arudishe kitambaa na malipo ya awali yakiwa kamili. Simu hizo ni chungu. Lakini tarehe 15 mteja bado anaweza kupata fundi mwingine. Tarehe 27 hawezi, na kitambaa chake kimekwisha kukatwa. Kama vilivyokatwa pekee vinazidi uwezo, amtafute fundi mwenzake wa kutia mikono na kupinda, amlipe kwa kipande, naye abaki na shingo na vifungo, kwa kuwa hapo ndipo mkono wa fundi unapotambulikana.

Kukesha kusihesabiwe kuwa uwezo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hadi 19 hufanya kazi vibaya sawa na mwenye pombe mwilini, kiwango cha asilimia 0.05 kwenye damu. Fundi aliyeamka kula daku saa kumi alfajiri asilale mchana, ikifika saa tatu usiku ametimiza saa 17. Baada ya hapo sindano huingia kidoleni, na mshono wa dakika kumi huhitaji nusu saa ya kufumua. Anayetaka kushona baada ya tarawehe alale saa moja na nusu baada ya adhuhuri, mlango umefungwa.

Sisi wateja nasi tuna sehemu yetu. Leteni vitambaa mwezi wa Rajabu. Pamba iloweni usiku mmoja na kuikausha kabla ya kuileta, isije ikarudi ikawa fupi kwenye ufuaji wa kwanza. Mtu mzima achukue metri tatu na nusu za upana wa inchi 60, asimlazimishe fundi kuunga kwapa kwa vipande. Na mlete kanzu ya zamani inayowakaa vizuri: fundi huipima ikiwa imelazwa mezani, bila kungoja mwenyewe arudi kutoka baharini.

Mdau wa kazi za cherehani,
Langoni, Lamu