Wazee wa Vita vya Kagera wafuatwe majumbani

Ndugu Mhariri, kila tarehe 25 Julai tunawakumbuka mashujaa wetu, safi kabisa, ila mi nauliza waliobaki hai nani anawaangalia siku zingine? Kijana aliyekuwa na miaka 20 Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera sasa hivi ni mzee wa karibu 70, ana presha, sukari, magoti hayamsaidii, na wengi hawakuwa askari wa kudumu, walikuwa mgambo, walipigana mpaka Kampala ikaanguka Aprili 1979 halafu wakarudi zao shambani.

Mtasema wazee wa 60 na kuendelea wasio na uwezo wanatibiwa bure, sawa, sera ipo, lakini kiukweli unafika dirisha la wazee unaandikiwa dawa unaambiwa kanunue nje. Na huyo asiyeweza hata kushuka kitandani atafikaje hilo dirisha? Anayemgeuza, anayemwogesha na kumlisha ni mkewe, bibi mwenye miaka 65 na yeye mgongo umekwisha, wala hakuna anayemuuliza umekula nini mama.

Mi naomba wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapewe orodha ya hawa wazee kila kijiji, wapite nyumbani wapime presha na wapeleke dawa, na mzee akifariki mjane asikatiwe huduma maana naye alibaki analea watoto peke yake wakati mume yuko vitani. Wizara ya Ulinzi na ya Afya zikae pamoja mapema jamani, wanazidi kupukutika.

Mtoto wa mgambo, Bukoba