Barua ya wazi kwa Rais mstaafu George W. Bush: zipo sura hujazichora

Mheshimiwa Rais mstaafu,

Salamu kutoka Dar es Salaam. Ulipotua hapa Februari 2008, kina mama walikupokea kwa ngoma, magauni yao yamechapwa picha yako. Tulishakuvaa, basi. Sasa mchoraji ni wewe.

Mimi huchora mabango ya vinyozi na mama lishe, kwa hiyo niruhusu niseme kama fundi. Picha zako za mwanzo, za miguu yako ndani ya maji ya kuoga, zingebaki chumbani tu. Lakini askari waliojeruhiwa vitani, wale 98 wa kitabu chako cha 2017, ni habari nyingine. Mapato yako uliyapeleka kwenye taasisi yako ya Dallas, inayowasaidia askari wastaafu. Rangi umeipaka nene kama plasta, pua nyingine zimekwenda upande, ila macho umeyapata. Wale uliendesha nao baiskeli na kucheza nao gofu, ndiyo maana. Viongozi wa dunia uliowaonyesha 2014 hawana uhai ule hata kidogo. Na Wairaki wenyewe waliojeruhiwa sijawaona ukutani kwako.

Ombi langu ni la karibu zaidi. Katika ziara ile uliingia Hospitali ya Amana, Ilala, ukakutana na watu wanaotumia ARV kupitia PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI uliouanzisha 2003. Watoto waliozaliwa bila virusi kwa sababu ya dawa zile leo ni vijana wenye ndevu. Mwaka 2025 serikali ya nchi yako ilisitisha misaada, USAID, shirika lake la misaada, likafungwa, nawe ukajitokeza kuutetea mpango huo. Vizuri. Sasa shika brashi.

Wachore watu wa CTC, kliniki za matibabu ya VVU, picha zipigwe mnada, na fedha ziende kwenye dawa na mishahara ya wahudumu wa kliniki, siyo kwenye jengo la Dallas. Hesabu zibandikwe hadharani: nani kanunua, kwa bei gani, kimenunuliwa nini. Ila kwanza uwaombe ruhusa. Unyanyapaa bado upo. Kuna anayekunywa dawa mwaka wa kumi na jirani yake hajui. Asiyetaka, aachwe.

Usiwachore kutoka kwenye simu. Njoo ukae nao, wakuzoee, wakutanie. Rangi beba zako; sisi hapa tunachorea rangi ya mageti, nayo kwa joto la Dar hukauka kabla hujamaliza pua.

Wako,
Mchora mabango, Ilala