Mafuta ya kupima yaondolewe juani

Kwa Mhariri,

Tangu 2012, sheria ya Kenya inataka mafuta ya kupikia yaongezwe vitamini A kiwandani. Hatua hiyo ni njema, lakini njia kutoka kiwandani hadi sufuriani imesahaulika.

Pita Kawangware au Mathare saa saba mchana uangalie mafuta ya kupima. Mara nyingi yamo kwenye mtungi unaoonyesha ndani, umewekwa mlangoni mwa duka ili wateja wauone, jua likiupiga. Mwanga huharibu vitamini A. Mfuniko ukiachwa wazi, hewa huingia na mafuta huanza kuchacha, na yakichacha vitamini hupotea upesi zaidi. Anayeumia ni mama anayenunua ya shilingi 20, yule yule ambaye watoto wake wanaihitaji zaidi.

Dawa yake si ghali. Mtungi uwe usiopitisha mwanga, ukae kivulini, mbali na jiko, na ufunikwe kila baada ya kupima. Tafadhali, mafuta mapya yasimiminwe juu ya masalio: mabaki yaliyochacha huharakisha kuchacha kwa yale mapya. Mtungi uoshwe kwa sabuni na ukauke kabisa kwanza. Maafisa wa afya wa kaunti wanapokagua leseni, wakague na mtungi.

Unga wa vinu vya posho nao hauna virutubisho vinavyoongezwa kwenye ule wa pakiti. Huo utahitaji mashine na fedha. Mafuta yanaweza kuhamishiwa kivulini kesho asubuhi.

Wahudumu wa lishe,
Nairobi