Dawa ipo stoo, mwenye ufunguo kalala

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia hata mstari. Ile habari yenu ya ushirikiano wa kimataifa wa utafiti wa tiba ya dharura, na ile picha ya waheshimiwa wameshika hundi ya mfano kubwa kama mlango, ndiyo iliyonitoa kimya.

Mwandishi wako asije akadhani napinga utafiti. Mimi ni muuguzi mstaafu, najua faida yake. Idara ya dharura ya Muhimbili iliyofunguliwa 2010, na mafunzo ya ubingwa wa fani hiyo yaliyoanza mwaka huohuo pale MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, havikuota vyenyewe; wageni walichangia fedha na walimu. Kuna utafiti wa FEAST pia, uliofanyika Kenya, Uganda na hapa kwetu Muheza kwa watoto zaidi ya 3,000 waliofika na homa kali na mzunguko wa damu uliodhoofika. Wengi wetu tulifundishwa kwamba mtoto wa namna hiyo amiminiwe dripu nyingi na haraka. Kumbe waliomiminiwa ndio waliokufa zaidi. Katika kila 100 walikufa 10 au 11 ndani ya saa 48, na wasiomiminiwa walikufa 7. Utafiti ukasitishwa kabla ya muda wake, matokeo yakatangazwa 2011. Hakuna ambaye angelijua hilo kwa kukaa London na kukisia. Zilihitajika wodi zetu na watoto wetu, na hapo sina ugomvi.

Ugomvi wangu ni kwamba majibu yakishapatikana hayafiki zamu ya usiku.

Mwaka jana mtoto wa dada yangu, dereva wa bodaboda, aligongwa na lori. Tulimfikisha hospitali ya wilaya, siitaji, damu inavuja na suruali imelowa yote. Neno la kwanza tuliloulizwa ni PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, iko wapi. Wakubwa wamesema majukwaani mara ngapi kwamba majeruhi atibiwe kwanza na karatasi ya polisi ifuate? Nadhani vipaza sauti vya majukwaa hayo havisikiki mapokezi. Shemeji akadandia pikipiki kwenda kituoni. Hapo ndipo alipotokea kijana mmoja nadhifu, fulana ya mradi, kishikwambi mkononi, adabu tele. Shikamoo mama, pole mama, naomba nikuulize machache. Ajali ilitokea saa ngapi? Mgonjwa alivaa helmeti? Mkuu wa kaya amesoma hadi wapi? Nyumbani sakafu ni ya saruji au ya udongo? Nilimjibu yote, maana katumwa, hana kosa. Kisha nikamgeukia muuguzi wa zamu nikamwuliza habari ya asidi ya traneksamiki, ile dawa ya kupunguza kuvuja damu ambayo utafiti wa CRASH-2 uliipima kwa majeruhi zaidi ya 20,000 katika nchi 40 na kutoa majibu 2010. Dawa hiyo faida yake iko ndani ya saa tatu tangu mtu aumie. Zikipita inaweza hata kudhuru. Binti akanijibu kwa upole, ipo mama, ipo stoo, ila mwenye ufunguo anaingia asubuhi. Ipo! Imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, imo ndani ya jengo tulilosimama, imepigwa kufuli, na mhusika amelala kwake. Kile kishikwambi kilikuwa na nafasi ya kujaza saa mgonjwa alipofika na saa alipopata dawa. Nilimwona yule kijana akiiacha ya pili wazi. Kwa hiyo damu ya mwanetu sasa ni mstari kwenye jedwali la mtu, unaothibitisha kwamba katika hospitali zenye uhaba huduma huchelewa, na kwamba utafiti zaidi unahitajika.

Yuko hai, namshukuru Mungu, ila anatembelea gongo.

Na msinianzishe habari ya gari la wagonjwa. Tulipopewa rufaa tuliambiwa ndugu tuchangie mafuta. Gari hilohilo nikaja kuliona baadaye kwa macho yangu limepakia viti vya plastiki vya sherehe. Mlangoni limechorwa nembo za wafadhili na mikono miwili inayoshikana. Mafuta ndiyo hayakuchorwa.

Nina pendekezo, wala halihitaji hundi. Kila mradi unaotaka kutafiti chumba cha majeruhi, kabla NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, haijagonga muhuri wa kibali, ulete msumari wa inchi nne na ufunguo wa akiba wa kabati la dawa za dharura. Msumari upigiliwe ukutani, juu ya meza ya muuguzi wa usiku, ufunguo uning'inie hapo. Kando yake ibandikwe karatasi moja ya Kiswahili, maandishi ya kusomeka hata kwa tochi ya simu, inayosema dawa gani, kiasi gani, na mwisho wa kuitoa ni lini. Wafadhili wakitaka kupiga picha, wapige ya msumari.

Kishikwambi ndicho kifungiwe stoo. Mwenye ufunguo atakuja kukifungulia asubuhi.

Muuguzi mstaafu,
Tabora