Minara ya taa isizimwe kwa sababu tu ya setilaiti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu hoja inayorudiwa mara kwa mara siku hizi, kwamba minara ya taa ya pwani imepitwa na wakati kwa kuwa kila chombo baharini kinaweza kujua mahali kilipo kwa msaada wa setilaiti, na kwamba kilichobaki ni kuizima na kuwaachia watalii. Wanaotoa hoja hiyo huuchukulia mnara kuwa taa kubwa tu iliyopandishwa juu ya jengo refu. Mtu anayefahamu jinsi minara hiyo inavyofanya kazi, na gharama ambayo binadamu wameilipa hadi kuifikisha hapo, naamini hawezi kulisema jambo hili kwa wepesi kiasi hicho.

Tuanze na urefu. Kwa kuwa dunia ni mviringo, mwanga ulio karibu na usawa wa maji hufichwa na upeo wa bahari baada ya mwendo mfupi, hata uwe mkali namna gani. Taa iliyo mita 30 juu ya bahari huonekana kwa nahodha ambaye macho yake yako mita 4 juu ya maji akiwa umbali wa kilomita 29 hivi; ukiishusha taa hiyo hiyo hadi mita 10, hataiona mpaka afike kama kilomita 20. Hata hivyo, urefu nao una kikomo chake. Mnara wa kwanza wa Cape Point, Afrika Kusini, ulioanza kuwaka mwaka 1860, ulijengwa kwenye kilele kilicho zaidi ya mita 200 juu ya bahari, na mara nyingi ulifunikwa na mawingu na ukungu huku bahari iliyo chini yake ikiwa wazi. Mwaka 1911 meli ya abiria ya Kireno iitwayo Lusitania iligonga mwamba karibu na rasi hiyo, na baada ya hapo ukajengwa mnara mwingine chini zaidi, mita 87 juu ya maji, ambao ndio unaotumika hadi leo.

Kuhusu ujenzi wenyewe, wengi hutaja mnara wa Aleksandria, Misri, uliojengwa yapata mwaka 280 kabla ya Kristo, ukapita urefu wa mita 100, ukadumu karne nyingi hadi ulipobomolewa na mitetemeko ya ardhi. Msafiri Ibn Battuta aliukuta bado unaingilika mwaka 1326, lakini aliporudi mwaka 1349 ulikuwa gofu lisiloweza hata kuingiwa. Kwa maoni yangu, hata hivyo, anayetaka kujua maana ya kujenga mnara wa taa autazame mwamba wa Eddystone, baharini nje ya Plymouth nchini Uingereza. Henry Winstanley alijenga hapo mnara wa mbao uliowashwa mwaka 1698. Tufani ya Novemba 1703 iliufagia wote, naye akiwa ndani yake. Wa pili, kazi ya John Rudyerd, uliteketea kwa moto mwaka 1755. Ndipo mhandisi John Smeaton alipoamua kujenga kwa mawe matupu, kila jiwe likichongwa kingo zake ziumane na za jiwe la jirani ili wimbi lisiweze kulichomoa peke yake, na alipofanya majaribio marefu ya chokaa hadi akagundua kwamba ile itokanayo na mawe yenye udongo wa mfinyanzi ndani yake huganda hata majini. Mnara wake uliwashwa mwaka 1759, na ulipoacha kutumika mwaka 1882 tatizo halikuwa mnara bali mwamba ulioubeba, ambao bahari ilikuwa imeula kwa chini.

Lakini juu ya kazi hiyo yote ya ustadi, kilichowaka ni mishumaa 24. Hapo ndipo ilipokuwa shida ya minara yote ya zamani: mwali wa moto husambaza mwanga wake kila upande, juu angani na chini miguuni, wakati baharia anahitaji ule mdogo tu unaokwenda sambamba na bahari. Vioo vya chuma kilichong'arishwa viliwekwa nyuma ya taa ili kuurudisha mwanga, lakini vilimeza sehemu kubwa yake. Lenzi ya kawaida, yaani kioo kinachokusanya mwanga, yenye ukubwa wa kutosha nayo ingekuwa nene na nzito kupita kiasi, na unene huo ungeupunguza mwanga uleule unaotafutwa. Augustin Fresnel, mhandisi wa barabara na madaraja nchini Ufaransa, alitambua kwamba mwanga hupindwa pale unapoingia na kutoka kwenye uso wa kioo, wala si katikati ya unene wake; kwa hiyo kioo cha katikati kinaweza kuondolewa, zikabaki pete za kioo zilizopangwa kuzunguka kitovu, kila moja ikiwa na mwinamo wake. Lenzi yake ya kwanza iliwashwa mwaka 1823 katika mnara wa Cordouan, kwenye mlango wa mto Gironde. Baadaye ziliongezwa prizimu, yaani vipande vya kioo vya pembetatu, juu na chini, zikaukamata hata mwanga uliokuwa ukipotelea angani. Katika lenzi kubwa, ziitwazo za daraja la kwanza, kutoka kwenye mwali hadi kwenye kioo ni sentimita 92, na mtu mzima husimama ndani yake wima.

Nguvu hiyo ilikuwa na hatari yake. Lenzi inayokusanya mwanga wa taa na kuupeleka baharini hukusanya pia mwanga wa jua na kuuleta ndani, ndiyo maana watunza taa walifunga mapazia kila asubuhi kuzunguka chumba cha taa, ili jua lisije likaunguza taa au kuwasha moto. Kisha walianza kufuta kioo, pete baada ya pete, wakiwa wamevaa aproni za kitani ili vifungo vya nguo zao visikikwaruze.

Bado linabaki jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote, nalo ni utambulisho. Taa inayowaka bila kubadilika inaweza kudhaniwa kuwa mnara mwingine, au meli, au nyumba ya mtu, na kosa la aina hiyo limezamisha vyombo vingi. Kwa sababu hiyo lenzi ilizungushwa, na kila kipande chake kilipompita baharia kilimpa mmweko mmoja. Idadi ya mimweko na muda kati yake huandikwa kwenye ramani ya bahari, hivi kwamba anayeona mimweko miwili myeupe kila sekunde 10 nje ya Plymouth anajua kwamba anaitazama Eddystone wala si kwingine. Mahali pengine vioo vyekundu na kijani huonyesha upande wenye hatari na upande ulio salama. Lenzi yenye uzito wa tani kadhaa ilielea juu ya zebaki, metali iliyo majimaji, ikaweza kusukumwa kwa kidole, na ilizungushwa na mtambo kama wa saa uliovutwa na uzito ulioning'inia ndani ya mnara, ambao mtunza taa alilazimika kuupandisha tena na tena usiku kucha.

Siwaombei watunza taa warudi kwenye kazi ile. Zebaki ni sumu, na waliokaa nayo katika chumba kile kidogo walivuta mvuke wake kwa miaka mingi. Mitambo ya kujiendesha nayo si mageni: Gustaf Dalén wa Sweden alibuni vali ya jua, ambamo fimbo nyeusi hupata joto la mchana, ikarefuka na kuifunga gesi inayowasha taa, kisha giza linapoingia hujikunyata na kuifungua. Kwa uvumbuzi wake wa aina hiyo alipewa Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 1912, mwaka uleule aliopoteza macho yake katika mlipuko. Taa za LED zinazotumia nguvu za jua ni hatua nyingine katika njia hiyo, na sina ugomvi nazo.

Ninachopinga ni kuzima kabisa, au kuweka badala ya lenzi kubwa kijitaa kinachoonekana kwa umbali mfupi zaidi, kisha tukaambiwa kwamba hakuna kilichopotea. Mawimbi ya setilaiti hufika duniani yakiwa hafifu mno, na chombo kidogo tu cha kuyavuruga kinatosha kumpa nahodha mahali pasipo sahihi bila yeye kujua. Hata yakifika salama, ramani anayoisoma inaweza kuwa ilipimwa zamani kwa makosa. Mvuvi aliye na simu iliyoisha chaji hana hata hayo. Kwa watu hao wote mnara ni ushahidi wa pili, usiotegemea mtambo uleule uliokosea.

Kwa hiyo nawaomba wenye mamlaka juu ya bahari, kokote waliko, wasizime taa yoyote kabla ya kuwauliza wavuvi na manahodha wa vyombo vidogo wanaoitumia usiku. Wakibadilisha mimweko au umbali wake, watangaze mapema na kusahihisha ramani. Na pale ambapo zebaki inaondolewa, lenzi ibaki mahali pake na taa mpya iwekwe ndani yake, kwa kuwa kioo kile hakijachoka.

Wako,
Msomaji