Mama, si kisu kilichoieneza

Mama mpendwa,

Asalaam aleikum. Mimi huku New York ni mzima, alhamdulillahi. Tangu tulipoongea Jumapili sijalala vizuri. Uliposema, "Ningekataa asikatwe, baba yenu angekuwa hapa barazani," nilikosa la kukujibu, ndiyo maana nimekaa niandike.

Maneno hayo uliyoambiwa matangani, kwamba saratani ikiguswa na kisu hutapakaa, wengi wanayaamini. Lakini mimi nahudumia wodini wagonjwa wa melanoma, saratani ya ngozi kama ile iliyomchukua Baba, na kinyama hukatwa ili kipimwe. Kisu hicho hakiuenezi ugonjwa. Kumbuka ule mtoki wa kinena, Baba akawa hawezi kuchuchumaa kutia udhu. Ulimkanda kwa maji ya chumvi, ukisema ni kidonda cha mguu kinauvuta. Huo ulitoka wiki kadhaa kabla ya kisu, Mama. Seli za saratani zilikuwa zimeshatoka unyayoni kwa njia ya mishipa ya limfu, ile inayopitisha majimaji ya mwili hadi kwenye mitoki, zikapiga kambi pale.

Lile doa bado naliona. Lilikuwa chini ya kisigino cha kulia, jeusi, kingo zake zimetawanyika kama wino juu ya karatasi ya shashi. Tulidhani ni mwiba wa shambani Bahati uliobaki ndani. Na pale alipoanza kutibiwa walimpa dawa ya fangasi miezi sita bila kuugeuza mguu vizuri kwenye mwanga. Hiyo miezi inaniuma kuliko kisu.

Uliniuliza pia imekuwaje mtu mweusi augue ugonjwa wa jua. Melanoma hii ya nyayoni, viganjani na chini ya kucha haisababishwi na jua. Bob Marley aligunduliwa nayo mwaka 1977 kwenye kidole gumba cha mguu, na mwaka 1981 akafariki akiwa na miaka 36.

Sasa lile swali lako zito: kwa nini wengine huishi nayo miaka, ya Baba ikakimbia? Kuchelewa ni sababu kubwa. Lakini kuna jambo jingine ambalo si la mtu kulaumiwa. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, hapa hapa New York, walichapisha kazi yao kuhusu jeni iitwayo APOE. Jeni ni maagizo ya mwili tunayorithi, na kila mmoja wetu ana nakala mbili za hii, moja ya mama na moja ya baba. Inatengeneza protini ya kubeba mafuta kwenye damu, nayo ina sura tatu: APOE2, APOE3 na APOE4. Waliwapa panya jeni hizo za binadamu, kisha wakawapandikiza melanoma. Kwa panya wa APOE4 uvimbe ulikua polepole, kwa sababu askari wa mwili waliamka na kuushambulia. Kwa wale wa APOE2 ulikua haraka na kusambaa zaidi. Walipotazama wagonjwa, wenye APOE4 ndio walioishi muda mrefu zaidi. Ajabu ni kwamba APOE4 hiyo hiyo humwongezea mtu hatari ya ugonjwa wa kusahau uzeeni, wa Alzheimer.

Baba hakupimwa, kwa hiyo siwezi kusema alibeba ipi. Ninachotaka ujue ni kwamba mbio za ugonjwa ule zilitegemea pia mwili aliozaliwa nao, si sahihi uliyoweka kwenye ile fomu ya kukubali akatwe. Ulitia sahihi kwa kumpenda.

Ijumaa Salim akija kutia udhu, mwambie akuonyeshe nyayo, katikati ya vidole, na kucha. Ukiona doa linalotanuka, au mstari mmoja mweusi unaopanuka kwenye ukucha, mpige picha mlangoni mchana, mnitumie. Hata kama huku ni usiku wa manane, nitaipokea. Pesa za hospitali nimeshamtumia dada.

Mwanao,
Zuhura